Tantine Hashuki

Nikisikia harufu ya petroli na vumbi jekundu asubuhi, mikono yangu yenyewe inatafuta kitu cha kusukuma. Mikono tu. Mimi mwenyewe, mnanijua, hata kufika sokoni Kampemba ni mpaka ninung'unike kwanza.

Motokari ya papa, pale kwetu Hewa Bora, haikuwaka bila kusukumwa. Siku ya komunyo yangu ya kwanza ndiyo ikazidi. Na padiri alikuwa ameonya: atakayekuta mlango umefungwa atangoja mwaka mwingine. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Tantine Vero, dada mkubwa wa papa na mama yangu wa ubatizo. Alikijaza peke yake.

“Yaya, shuka kidogo,” papa alimsihi dada yake kutoka kwenye usukani.

“Nishuke namna gani, na hivi viatu vyeupe? Sukumeni, batoto! Bukari munakulaka, inaendaka wapi?”

Tukasukuma kwa nguvu ya ugali huo, kaka zangu wawili na mimi na gauni langu la komunyo. Motokari ikasogea kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Tantine akatuimbia wimbo wa kanisa dirishani, ati anatusaidia. Hatukuacha, kidogo kidogo ikashika mwendo, ikakohoa, ikawaka, tukarukia ndani. Furaha! Mpaka papa alipokanyaga breki mbele ya kanisa, na kanisa likatupita. Tulisimama mbali, kwenye rundo la mchanga.

Tantine akavua vile viatu vyeupe, akanishika mkono, akakimbia peku.

“Ngojeni! Mutoto wangu iko anakuya!”

Mguu wake wenye vumbi ndio uliozuia mlango.

Nilipofika sekondari, mwalimu aliandika ubaoni: nguvu ni masi, wingi wa maada ya kitu, mara mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyoongezeka. Nikacheka peke yangu. Kwa nguvu ileile, chenye masi kubwa kinachelewa kuondoka. Kikishaondoka, hiyo masi mara mwendo wake ndiyo inayokataa kusimama. Somo hilo nilikuwa nimeshaimbiwa.

Sasa Tantine anakaa kwangu, ugonjwa umemla mwili wote. Jumapili namsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi misa. Nakigusa tu, kinaondoka.

“Sukuma, we! Bukari unakulaka, inaendaka wapi?”

Basi nainama, nakaza mikono, nahema kwa sauti kama naondoa ile motokari, ili asijue.