Nyufa za Kishanda

Edvina wa Kishanda hakuamini kitu mpaka akiguse. Ndivyo alivyojifunza kutoka kwa wanunuzi wa butura, wale wanyonyaji wanaoinunua kahawa ya mjane ingali maua mtini, kisha siku ya mavuno wanakuja na magunia na vicheko. Alipowachoka, aliwakusanya wanawake kumi na wanne, wakakubaliana kukaanga na kusaga kahawa yao wenyewe, waiuze kwa jina lao. Ilibaki pakiti tu.

Kwa hiyo siku Yunus, mchora nembo wa Bukoba mjini, alipomwekea pakiti ya mfano mezani, Edvina alisita. Neno KISHANDA liliandikwa kwa herufi nene nyeusi, lakini zilijaa nyufa na mabaka, kingo zimemeguka kama rangi ya mlango wa zamani.

Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Kidole kikatoka safi. Hilo likamtia shaka zaidi.

Yunus akaeleza kwamba fonti yenyewe imechakazwa makusudi, ifanane na chapa za magunia ya kahawa ya zamani. Edvina akauliza kama mashine ina kasoro. Akauliza kama wino ulikuwa unakwisha. Akataka kuiona chupa ya wino.

"Mwanangu, umewahi kununua kanga mpya iliyochanika?"

"Sijanunua, mama. Lakini vijana hapa mjini wananunua suruali zilizochanika, tena ghali."

"Hao wamekosa mzazi wa kuwauliza. Wenzangu wakiona herufi zinabomoka, watasema chama kinabomoka. Kesho yake wako kwa mtu wa butura."

Yunus akakiri kwamba herufi nzima anazo, ila pakiti itafanana na kila pakiti ya unga dukani. Edvina aliikunja ile ya mfano, akaondoka nayo.

Nyumbani alifanya kama mwaka ule ukuta wake ulipopata ufa. Alichukua kalamu nyekundu akatia alama pale ufa mrefu wa herufi K unapoanzia na unapoishia, kisha akaitundika pakiti jikoni kwenye moshi. Kila Jumapili baada ya misa wanawake walipita kukagua, kila mmoja na kidole chake chenye mate. Celina, aliyewazidi wote kwa shaka, aliiosha kwa sabuni ya mche, akaianika juani.

Jumapili ya tano Celina aliinama juu ya zile alama kwa muda mrefu.

"Ma Edvina, ufa wa ukuta wako ulizivuka alama ndani ya wiki mbili," alisema hatimaye. "Huu haujasogea."

Edvina akampigia Yunus simu papo hapo, wenzake wote wakisikiliza.

"Chapa pakiti zote, na nyufa zake," akamwambia. "Lakini herufi K ina nyufa tisa. Nimezihesabu. Nisije nikakuta ya kumi."