Msumari wa Bembea

Jirani anapasua mbao leo, na harufu ya unga wa mti mbichi imeingia mpaka jikoni kwangu. Nimeacha sufuria motoni, nimefumba macho.

Niko Panda tena, kambi ya wafanyakazi nilikokulia, viganja vyangu juu ya gome la mti wa jakaranda ulioangushwa uani kwa mjane mmoja. Mama yangu ameileta mashine yake ya kupasulia mbao kwa mkokoteni, maana kazi yake ilikuwa kuufuata mti ulikoangukia. Miti ya kambi imemeza misumari, na msumari mmoja huua msumeno. Basi mimi napapasa vinundu, naye hawashi injini mpaka mwenye mti ataje kila alichowahi kukitundika.

"Kamba ya nguo," alisema mjane. "Taa."

Kidole changu kilikuwa juu ya kinundu kingine, kwenye tawi nene. Mjane akatazama maua ya zambarau yaliyotapakaa miguuni pake.

"Mama, usinifiche," mama yangu alisema taratibu. "Niko na musumeno moja tu."

"Ni ya bembea. Ya mutoto wangu, ule tulizikaka."

Mama akachukua msumeno wa mkono, akalikata lile tawi pande zote mbili, mbali na msumari. Akampa mjane kile kipande chenye msumari.

Mjane akafungua kitenge chake cha juu, akainama, akakiweka kipande mgongoni. Mama yangu alimshikia, kama wanawake wanavyoshikiana mtoto wa kubebwa mgongoni, mpaka fundo likakaza.