Kijaluba cha Mzee Mng'aro

Baba mkubwa wangu, kaka yake marehemu baba, hajawahi kutengeneza kitu kwa mikono yake, hata kigoda kilichong'oka mguu. Lakini mletee mgeni sebuleni, umsikie. Utadhani ndiye aliyeufundisha ulimwengu kufua dhahabu. Kazi aliyoifanya mpaka akastaafu ilikuwa kutunza stoo ya shule: chaki, ndoo, mifagio. Hakuna ubaya katika kutunza mifagio. Ubaya ni kwamba alijiita sonara, kisa babu yake alikuwa sonara na alimwachia kijaluba.

Kijaluba chenyewe nitakisema vizuri, maana hakina kosa. Kilikuwa cha kuwekea ugoro, cha kuenea kiganjani, dhahabu tupu, na kifuniko chake kilijaa maua yaliyotuna kama yanataka kuchumwa. Babu alifua bapa la dhahabu mpaka likawa jembamba, akalilaza kifudifudi juu ya lami laini, akayasukuma maua kutoka upande wa ndani kwa vijiti vya chuma vyenye ncha butu, taratibu, akilipasha moto kila lilipokakamaa. Kisha akaligeuza na kuchora mishipa ya majani kwa nje. Bawaba aliificha hata ukipitisha ukucha huisikii.

Na dhahabu yake haikutoka kwa tajiri yeyote. Ilitoka sakafuni. Sonara wa kweli hatupi takataka: vumbi la tupa, uchafu uliofagiwa karakana, vitambaa vya kufutia, vyote huchomwa, majivu yakayeyushwa, na chembe zilizopotea zikakutana tena chini ya chungu. Babu alikusanya takataka za maisha yake yote akajitengenezea kitu kimoja tu cha kwake. Wapo wasemao vumbi lile lilikuwa pete za wateja. Shauri yao. Mimi naipenda hadithi hiyo.

Baba mkubwa aliionea haya. Yeye, mjukuu wa mwokota takataka! Akatunga ya kwake. Nilipokuwa mdogo, kijaluba kiliagizwa na chifu. Nilipoanza shule, yule chifu alishapanda cheo, kawa mfalme. Nilipoolewa, mfalme alishatuma meli na wapiga ngoma waje kukichukua, ila babu akakataa kukiuza. Sijui ingepita miaka mingapi tena kabla hatujaambiwa kiliagizwa na malaika.

Mgeni hakuruhusiwa kuondoka bila kuona kinavyosuguliwa. Hata chai ilisubiri.

"Mama watoto! Kitambaa!"

Mama mkubwa alileta kitambaa safi na kijisahani cha majivu yaliyochekechwa, yamekandwa na ndimu. Baadaye mzee akaendelea, akahamia dawa ya meno. Alisugua huku anahadithia, ulimi unatembea na mkono unatembea, mpaka mgeni aone sura yake kwenye kifuniko. "Dhahabu haitaki uvivu," alisema mtu ambaye hata sahani aliyolia hakuwahi kuiosha. Mtaani walimwita Mzee Mng'aro. Alidhani wanamsifu.

Katika watoto wake, mmoja tu alirithi mkono wa babu, naye ni dada yangu, binti yake wa pili. Baba yake hakutaka. "Mwanamke na nyundo wapi na wapi?" Dada akaenda kujifunza kwa sonara mwingine, mzee mkali asiye na undugu naye, na leo ana karakana yake ndogo jirani na washona viatu. Kazi hiyo inasimama juu ya kitu kimoja. Mtu anakuachia pete ya marehemu mama yake, anaondoka, analala usingizi. Siku atakapokosa usingizi, funga mlango ukauze mchicha.

Dada alimwomba baba yake mara nyingi amwazime kijaluba akayasome yale maua. Alitaka kujua babu alianzia wapi kuyasukuma, kwenye moyo wa ua au kwenye petali.

"Utakiharibu," mzee alimjibu kila mara, anasugua.

Basi, sifa zikasafiri. Mwaka jana ikaja habari kwamba bwana mmoja wa makumbusho atafika kukiangalia kijaluba, pengine kiwekwe kwenye kabati la kioo na jina la ukoo chini yake. Mzee Mng'aro nusura apasuke. Aliwaalika majirani, akaazima viti, akamwamuru dada afunge kazi mapema aje ahudumie wageni. Wiki nzima alikisugua asubuhi na jioni.

Bwana wa makumbusho alikuwa mpole, wa maneno machache. Alitoa kwenye mkoba picha ya zamani: babu ameketi, kijaluba kiganjani, maua yote yanaonekana. Akakipokea kijaluba kutoka kwa mzee. Akakigeuza, akatazama picha, akakigeuza tena.

"Mzee, samahani. Maua yako wapi?"

Sote tukasogea. Kifuniko kilikuwa laini kama kijiko. Mahali palipokuwa na ncha ya petali palikuwa pametoboka kitundu, mwanga unapita. Na mimi niliyekua katika nyumba ile nilikuwa sijaona, kwa sababu tulishazoea kutazama mng'aro. Mzee ndiyo kabisa. Miaka yote alikuwa akijitazama uso.

Mtu mwingine angeona haya, akanyamaza. Baba mkubwa alivuta pumzi, akazungusha macho sebule nzima, yakatua kwa binti yake, ambaye bado alikuwa na aproni ya kazini na sinia la chai mkononi.

"Nimebadilishiwa!" akapiga kelele. "Hiki sicho! Nani katika nyumba hii anajua kufua dhahabu? Nani amekuwa akikitamani? Kikulacho ki nguoni mwako, jamani!"

Nilimchukia. Nasema wazi, pale nilimchukia, baba mkubwa au si baba mkubwa.

Kisha mama mmoja jirani, aliyeacha mkufu wake kwa dada ukaungwe, akasimama, akaiweka sawa khanga yake. "Mwanangu, ule mkufu wangu nitaufuata. Si kesho. Leo leo, nikitoka hapa." Wengine nao wakaanza kuhesabu vidoleni na masikioni mwao kilichoko kwa dada.

Dada akaliweka sinia chini.

"Bwana, kifungue," alimwambia mgeni. "Mimi sikigusi, nisije nikaambiwa nimeiba tena."

Akatoa mfukoni mwa aproni kipande cha nta, akakipasha kwa viganja mpaka kikalainika, akampa. "Ibonyeze kwa ndani ya kifuniko. Babu aliyasukuma maua kutoka huko. Huko hakuna aliyesugua."

Bwana akabonyeza, akasubiri, akabandua. Juu ya nta likainuka ua lote, petali zimelaliana, na pembeni yake jani lililojikunja. Akaliweka karibu na picha. Watu wakainamisha vichwa kutazama. Jani lilikuwa limejikunja vilevile, upande uleule.

"Ni chenyewe," akasema. "Hakijabadilishwa."

"Basi dhahabu imekwenda wapi?" mzee akafoka. "Dhahabu ina miguu?"

Hapo mama mkubwa akainuka. Mama huyu alikuwa ameolewa na maneno ya mumewe kiasi kwamba ya kwake hatukuyajua. Aliingia jikoni, akarudi amekumbatia debe, akalitua katikati ya sebule. Lilikuwa limeshindiliwa vitambaa, vyeusi, vikavu, vinanuka ndimu na dawa ya meno.

"Nilipoolewa hapa nilimkuta babu yenu hai," alisema. "Akaniambia, mke wa mjukuu wangu, nyumba ya sonara kitambaa hakitupwi. Sijatupa hata kimoja."

Tukaenda karakana wote, hata mama wa mkufu, mzee akiwa mbele kana kwamba ni msafara wake. Dada akavichoma vitambaa ndani ya sufuria la chuma mpaka vikawa majivu. Akayatia majivu kwenye chungu kidogo pamoja na unga wa kuyeyushia, akaelekeza moto. Tulikaa tukiangalia weusi ukichemka. Baba mkubwa alimweleza bwana wa makumbusho kwamba moto huo ni mdogo, babu alikuwa akiwasha mkubwa zaidi.

Chungu kilipopoa dada akakivunja kwa nyundo. Kwenye kigaga cheusi kama kioo palikaa punje ya njano, ya mviringo, kubwa kuliko dengu. Akaiosha. Akaushika mkono wa baba yake, akakifungua kiganja, akaiweka pale.

"Mwizi wako huyu hapa, baba. Mpeleke polisi."

Mama wa mkufu akakohoa. "Mwanangu, ule mkufu endelea nao tu. Sina haraka." Bwana wa makumbusho akaomba apewe lile ua la nta, kama dada ameridhia, pamoja na jina lake yeye fundi aliyelitoa. Kijaluba hakukitaja tena.

Sisi sote tukamgeukia mzee. Mtoto wake amemvunjia heshima mbele ya watu, naye mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kumvunjia kwanza. Neno moja tu lingetosha, hata la kunong'ona. Dada alikuwa amesimama, nyundo bado mkononi, anamtazama mdomo.

Baba mkubwa aliitazama ile punje. Akaisogeza karibu na midomo, akaipulizia pumzi, kisha akaanza kuisugua kwenye mkono wa shati.