Neno Alilopewa Yusta

Enzi zetu kipaimara hakikuwa keki na mpiga picha. Huko kwetu Iringa, miaka ya sabini, tulipanda mlima kwenda darasani miguu peku kwenye tope la masika, mikononi tumeshika viazi alivyovitoa mama jivuni asubuhi. Vilitupa joto kwanza, kula baadaye. Vijana wa leo wanapelekwa kwa gari na bado wanachelewa.

Katekisimu niliijua kama jina langu. Nilifagia kanisa, nikamchotea mchungaji maji, nikapanga maua ya altare. Mdogo wangu Yusta, tuliyekuwa naye darasa moja, aliishia kwenye mianzi ya babu kunywa ulanzi mtamu, ule ambao haujachacha. Akifika, somo limeisha, naye anacheka tu.

Siku yenyewe kila mmoja alipiga magoti, mchungaji akamwekea mikono na kumpa neno la Biblia la kutembea nalo maisha yake yote. Wote tulilijua lililo zuri kuliko mengine: neno la kuteuliwa, kwamba Mungu ndiye aliyetuchagua kabla sisi hatujamjua. Nililitaka mpaka nikaliota. Nikapewa neno la bidii. La kuteuliwa akapewa Yusta.

Kwa wivu, hata wali na nyama ya mbuzi wa sherehe vikanishinda. Nikamfuata mchungaji nyuma ya kanisa.

"Mchungaji, Yusta hata amri ya nne haijui!"

"Ndiyo maana nikampa yeye. Ningekupa wewe, ungedhani umelifanyia kazi."

"Kwa hiyo mimi Mungu hanitaki?"

"Anakutaka, mwanangu. Alikutaka kabla hujajua kushika fagio. Ila wewe unataka akutake kwa sababu ya fagio."

Nililia njia nzima. Mama akanifokea, "Wivu wa nini na mtu mliyetoka naye tumbo moja?" Wivu wa namna hiyo hausikii la mama.

Siku hizi wajukuu zetu wanapewa neno kwenye kadi ya rangi, jioni kadi iko chini ya kochi. Nawacheka, lakini moyoni nasikitika. Sisi tulililia neno.

Mimi sasa ni mzee wa kanisa, nakaa mbele. Yusta anakaa nyuma, na mahubiri yakirefuka anasinzia. Juzi nilikwenda kumwona, anaumwa, hainuki. Nikamuuliza kama anaogopa kufa.

"Niogope nini, dada? Kwani naenda kwa mgeni?"

Mimi naogopa. Nimetumika miaka yote hii na bado sina uhakika kama nitapokelewa, na yeye amelala pale ametulia. Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka. Akaniona, akasogea ukutani, nikajilaza kando yake. Utotoni tuligombania blanketi moja kila usiku. Safari hii alinifunika lote, bila mimi kuomba, akapitiwa na usingizi.