Mtutu Mrefu Ndani ya Ngolo

Msomaji, anza kunizomea mapema, sikukatazi. Baada ya serikali kuruhusu biashara huria, baba mkwe wangu wa kijiji cha Ukata, karibu na mpaka wa Msumbiji, alipata kibali cha bunduki ya risasi moja, ile inayotumia risasi za bastola, maana nguruwe pori walikuwa wanammalizia mahindi. Dukani tukaonyeshwa yenye mtutu mfupi na yenye mtutu mrefu.

"Mkwe, msomi ni wewe. Tuchukue ipi?"

"Ndefu, baba! Hii inaua nguruwe akiwa bado Msumbiji!"

Muuzaji akasema risasi ya bastola ina baruti kidogo, mtutu mfupi unaitosha. Nikamcheka, mimi mhitimu wa shule ya usiku nisiyewahi kulenga hata kwa manati.

Alfajiri nikajibanza na bunduki yetu ndefu ndani ya ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Nguruwe akatokea nyuma yangu. Kugeuka tu, mtutu ukazama kwenye ukingo wa udongo kama jembe. Nikauvuta utoke, ukagoma. Nguruwe akanitazama kwa dharau, akaangusha bua, akala.

Juu ya tuta baba mkwe alikuwa amesimama na ukoo mzima.

"Haya, mkwe, kulima umeshalima. Sasa panda, maana mahindi ya kuvuna anayala mwenzako."