Jioni za Mtoto Begani

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mtoto wa kulia jioni. Asubuhi alinyonya, akatazama moshi wa jikoni, akalala kama watoto wengine. Jua likianza kuelemea upande wa Ujiji, alikunja magoti, tumbo likakaza kama ngozi ya ngoma, uso ukamwiva, na kilio kikaanza. Hakikukoma mpaka watu walipokuwa wanatoka msikitini baada ya swala ya isha. Mpaka leo, mzee wa kutembelea fimbo, saa kumi ikifika mwili wangu hauna raha. Nasimama, nakaa, nasimama tena, naenda mpaka uani na kurudi. Wajukuu hudhani ni maumivu ya miguu.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa karani katika ghala la mizigo la stesheni ya Tabora. Tulipanga nyumba pembeni mwa mji, karibu na njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikienda Ujiji. Babu yangu mzaa baba aliipita njia hiyo akiwa mpagazi. Watu wa pwani walibeba mizigo kichwani. Wanyamwezi walibeba begani, na bega la kushoto la babu lilikuwa na nundu ngumu ambayo nikiwa mdogo nilipenda kuibonyeza. Baba yangu aliuza asali na ng'ombe ili nisome mpaka sekondari. Alikuwa akisema kwamba katika ukoo wetu kubeba kumetosha. Nilimwelewa kupita alivyokusudia. Nilivaa shati jeupe, nikaweka kalamu mfukoni, na hata kikapu cha sokoni nilimwachia mke wangu.

Baada ya kujifungua mke wangu alishikwa na homa iliyomwacha mnyonge, akisimama anashika ukuta. Mama yake akapanda lori kutoka Puge, akaja na unga, kuku wawili, na mkeka wake mwenyewe. Hapo ndipo nyumba ilipokuwa ndogo. Kwetu, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikaribiana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Nasi tulikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba katikati.

Basi nikawa mgeni kwangu. Nikitoka kazini nilianza kukohoa tangu kwenye kona ya kisima. Nilisikia mkeka unaburutwa, mlango wa chumba cha nyuma unafungwa, ndipo nikavuka kizingiti. Chakula nililetewa barazani. Kulala, nililala kwa jirani yetu fundi cherehani, Mwislamu wa mjini ambaye wazee wake walikuja na misafara hiyohiyo wakabaki. Kwa fundi nililala vizuri. Hilo nalo ni la kusemwa, maana katika nyumba yangu hapakuwa na mtu mwingine aliyelala vizuri.

Kila mtu alijaribu lake. Mama mkwe alisema ni mchango, maradhi ya tumbo la watoto, akachemsha mizizi, akamkanda mtoto tumbo kwa maji ya uvuguvugu. Mke wa fundi alileta mvuje, ule utomvu wa kunuka, akaufunga ndani ya kitambaa cheusi na kumvalisha mtoto mkononi, nyumba nzima ikanuka mpaka wageni wakawa wanaagana mapema. Mimi nilikwenda dukani kwa Mhindi nikanunua chupa ya dawa ya tumbo la watoto. Ilikuwa tamu. Mtoto aliinywa kwa furaha, akalamba kijiko, kisha akalia. Mama mkwe akimfunga mgongoni kwa mbeleko alilia zaidi, na mke wangu akimlaza kifuani alijikunja kama mdudu aliyeguswa.

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani na sahani yangu, kilio kikiwa kimechacha. Mke wangu akatoka, akanitia mtoto mikononi.

"Shika. Mama anataka kwenda jikoni, na wewe umekaa njiani."

Nilisimama haraka kwa sababu ya mama mkwe, si kwa sababu ya mtoto. Sikujua kumshika. Nikamtupia begani, tumbo lake likiegemea mfupa wa bega langu, nikaondoka pale kwa hatua ndefu ili mtu mzima apite. Nilipofika kwenye njia ya misafara sikuwa na pa kwenda, nikaendelea tu. Mtoto alilia, akapunguza, akanyamaza kidogo. Halafu akabeua, sauti ya mtu mzima aliyeshiba ugali, na maziwa ya moto yakanitiririka mgongoni ndani ya shati jeupe. Kichwa chake kikalegea shingoni mwangu.

Niliketi juu ya jiwe nipumzike. Akaanza kulia. Nilisimama, nikatembea, akanyamaza. Nikarudi nyumbani, mke wangu akiwa mlangoni ameshika fremu.

"Umemfanya nini?"

"Nimetembea."

"Basi tembea," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue nikaona meno yake.

Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu ambao hakuna aliyeupanga. Nilikohoa kwenye kona ya kisima. Mama mkwe alimfunga mtoto vizuri, akamlaza juu ya mkeka ukumbini, akaingia chumbani na kufunga mlango. Niliingia nikamkuta mtoto peke yake katikati ya ukumbi, analia kama aliyetelekezwa, na nguo aliyofungiwa ikiwa bado na joto la mikono ya mtu ambaye uso wake sikuwahi kuuona vizuri. Nilimweka begani nikatoka. Nilitembea mpaka mashamba ya mihogo, nikageuka, nikatembea tena. Nikichoka bega moja nilihamia la pili taratibu. Alibeua, akajamba, akalala. Mke wangu naye alilala, na mama mkwe akapata kukaa chini. Nikirudi nilimlaza juu ya mkeka uleule, nikagonga ukuta mara moja, nikaenda zangu kwa fundi.

Nilikuwa na furaha, ingawa sikuitambua kwa jina hilo. Nilidhani ni uchovu tu.

Kisha wenzangu wa kazini wakaniona. Walikuwa kundi, wawili makarani na wengine mahamali wa ghala, wakitoka kunywa pombe ya mtama. Karani mmoja akasimama katikati ya njia akanyoosha mkono kama mnyapara wa msafara.

"Mpagazi, mzigo huo wa Ujiji au wa Bagamoyo?"

"Mwacheni apite," akasema mwingine. "Damu haipotei. Tazama bega lilivyokaa tayari."

"Umepimwa lakini? Usije ukazidi uzito wa frasila."

Walicheka, nami nikacheka. Mahamali walicheka kwa wema. Mmoja alimgusa mtoto mguu akamwombea afya. Lakini kesho yake nilikuta juu ya meza yangu ngata ya majani, imesokotwa vizuri, kama ile ya kubebea mtungi. Siku nzima watu walipita mlangoni kutazama kama nimeivaa. Jina la Mpagazi likanishika. Ningeweza kulichukua, likazoeleka na kwisha, maana lilikuwa jina la babu yangu na hakuna aibu yoyote ndani yake. Mimi nilisikia sauti ya baba yangu na ng'ombe wake waliouzwa.

Jioni hiyo sikukohoa kwenye kona ya kisima. Nilibaki ghalani. Nilimtuma mtu aseme kwamba mabehewa ya karanga yamechelewa. Kesho yake yakachelewa tena. Ghala lilikuwa limefungwa, mimi niko ndani ya ofisi ndogo, sina kazi, napanga makaratasi yaliyokwisha kupangwa. Ilipofika saa ya mtoto kulia nilishindwa kukaa. Nilizunguka meza, nikaenda dirishani, nikahesabu magunia ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Sikuweza kumsikia kutoka pale, lakini nilimsikia.

Mke wangu aliponiuliza, nilimwambia nyumba sasa ni ya mama, na kwamba najiweka mbali kwa heshima ya ukwe.

"Heshima hiyo juzi ilikuwapo vilevile," akasema. "Na ulikuwa unakohoa."

Kisha akasema bila kupandisha sauti kwamba kama bega ni la kuonewa haya, atatembea yeye. Nilidhani anatania. Siku iliyofuata, mimi nikiwa ghalani na mabehewa yangu ya uongo, alimweka mtoto begani akatoka kwenye njia ya misafara. Hakufika mbali. Kizunguzungu kilimshika, akapiga magoti, na mke wa fundi aliyekuwa anakusanya kuni akawahi kumshika mtoto kabla hajaanguka. Mtoto hakuumia. Mke wangu alichubuka magoti yote mawili, na kovu la kulia alibaki nalo maisha yake yote.

Habari nilizipata kwa fundi, aliyekuwa akishona na hakuinua macho kwenye cherehani yake. Nilikwenda nyumbani nikakohoa kwa nguvu. Mlango ukafungwa kama kawaida. Niliketi barazani. Baada ya kitambo sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya mlango. Hakusema nami, maana haruhusiwi. Alisema na mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako kesho tunapanda lori. Puge kuna mabega mengi."

Ningeweza kuomba. Ningeweza kusema na mtoto vilevile, mama mkwe angesikia. Nilisema tu kwamba nitatafuta nauli. Na nikuambie ukweli, nilipoliona lori likipotea na vumbi lake, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu.

Haikudumu. Nilirudi kulala kwangu na nyumba ikawa kubwa. Kila saa kumi niliinuka popote nilipokuwa. Nilianza kutembea kwenye njia ya misafara mikono mitupu, mpaka mashamba ya mihogo na kurudi. Wale wenzangu wakaniona tena. Mpagazi ametua mzigo, wakasema. Safari hii sikucheka, nao wakaacha.

Nilijua ninachopaswa kufanya, lakini nilichelewa kwa visingizio vya likizo, mvua, na zawadi ambazo hazijakamilika. Nilichoogopa ni swali moja: kama mke wangu atakubali kurudi. Nilipofika Puge mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Nilibeba sukari, sabuni na khanga, na kichwani nilibeba hotuba niliyoitunga ndani ya lori kuhusu ugumu wa kazi ya ghala.

Shemeji zangu walinipokea, wakanipa kigoda nje ya ua, chini ya ghala la mtama. Walinisalimu kwa adabu na hawakuniuliza lolote. Jua likaanza kuelemea. Mwili wangu ukasimama wenyewe. Nilisubiri kilio, nimeshasogeza bega. Nilitaka kilio kile, Mungu anisamehe. Nilikitaka ili nionekane nafaa. Ua ulikuwa kimya. Kuku waliingia kulala. Kupitia upenyo wa matete yaliyozunguka ua nilimwona mwanangu juu ya mkeka, ameinua kichwa, anakwaruza ukindu kwa kucha, kisha akalaza shavu na kulala peke yake.

Mke wangu alikuja na maji ya kunawa. Alikuwa amenawiri.

"Tumbo lake?" nikauliza.

"Limepona."

"Kwa dawa gani?"

"Hakuna dawa. Siku zake zilikwisha. Kaka zangu walimbeba mpaka zikaisha."

Aliondoka na bakuli. Nilibaki pale na hotuba yangu. Nyuma ya matete nikasikia mtu anaketi, na sauti ile ninayoijua ikaanza.

"Mjukuu wangu, baba yako amekuja. Muulize, sasa hulii, anakutakia nini?"

Shemeji waliokuwa karibu wakatazama chini. Niligeukia matete. Hotuba ilikuwa na mabehewa, na karanga, na mkubwa wa stesheni.

"Mwanangu," nikasema, "mwambie bibi yako sikuwa na kazi jioni zile. Mabehewa hayakuchelewa. Watu walinicheka, nikaona haya kukubeba."

Nyuma ya matete nikasikia anainuka na kwenda zake. Nililala kwa shemeji usiku huo, yaani nilijilaza. Asubuhi niliambiwa lori linapita mapema. Nikajua maana yake ni kwamba niondoke, nikaenda kuaga nje ya ua. Nilikohoa, kwa mazoea. Ndani nikasikia mkeka unaburutwa na mlango unafungwa. Nilichungulia langoni. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefungwa vizuri, peke yake katikati ya ua, na pembeni mke wangu anajitwika mzigo wake wa nguo.

Nilimwinua nikamweka begani. Alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha. Akanitazama kwa karibu, hakunijua, akaanza kulia, akijisukuma kifuani mwangu kwa mikono yote miwili. Nilimgeukia mama yake nimpe. Mke wangu alishika mzigo wake kichwani, mkono mwingine ukashika khanga.

"Tembea," akasema, na akapita mbele.

Njia kutoka kwao mpaka barabarani inapita kati ya mashamba, na watu waliokuwa wanachimba viazi waliinuka kututazama: karani wa Tabora, shati jeupe, mtoto anapiga kelele begani. Nilibadilisha bega, nikabadilisha tena. Alinyamaza tulipokaribia barabara, kwa kuchoka, si kwa kuniamini. Mke wangu alitua mzigo chini kungojea lori, nami sikuketi. Niliendelea kwenda na kurudi ukingoni mwa barabara, na yeye hakuniambia nipumzike.