Karani wa Kwenye Picha

Siku niliyokwenda kupigwa picha Lindi naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa kuikumbuka kwenyewe kunanichosha. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kuli wa bandarini, kijana wa kijijini Njinjo niliyejiona mjanja wa mji. Dukani kwa mpiga picha, Mhindi mmoja mcheshi, kulikuwa na koti jeusi, tai, meza, na simu ya maonyesho tu, isiyo na waya. Ukitaka ukarani, unakuwa karani mpaka taa izimwe.

"Shika simu, kunja uso kama bwana mkubwa anayesumbuliwa," aliniambia. Nikakunja. Tukacheka sana.

Mjini hakudanganyika mtu. Koti lile lilikosa kifungo cha pili, na karibu kila kuli alikuwa na picha yake akiwa amelivaa. Tukawa tunataniana limemkaa nani vizuri. Ilikuwa raha yetu, na hata leo siionei aibu. Kosa langu ni kumpelekea mama picha ile bila neno lolote. Kule Njinjo ilifika hiyo moja tu, na koti lile hakuna aliyelijua.

Mama aliamini. Akaonyesha majirani, zikaanza kunijia salamu za bwana karani. Ningesema kweli mapema, yangeisha kwa kicheko. Nikanyamaza. Kila Idi nikitaka kwenda kumwona, natazama nguo zangu, naahirisha. Nilitaka nifike nikiwa nimefanana na picha. Miaka minne ikapita hivyo. Ujinga mtupu.

Nilikwenda nilipoletewa habari ya msiba wake. Dada yangu Zuhura alinipokea, akanitazama kuanzia miguuni.

"Mama alitaka kuja Lindi," akasema. "Mara mbili alifunga mzigo, akaufungua. Alisema, 'Nitaendaje pekupeku ofisini kwa mwanangu? Nitamwaibisha.'"

Nilikaa chini palepale, mwanangu. Mama alinionea haya, nami nilimwonea haya, na sote wawili tulikuwa tunamwogopa karani asiyekuwepo.

Basi pigeni picha, vaeni mtakavyo, jifanyeni hata mawaziri. Siwakatazi, maana kuna raha yake. Ila anayekupenda mwambie siku ileile kwamba ule ni mchezo. Na ukimkumbuka mzazi wako, nenda, hivyohivyo ulivyo, na nguo za kazi. Usingoje kupendeza. Mimi nilingoja, na uchungu wake haujanitoka mpaka uzee huu.

Mungu akujaalie umkute mama yako yu hai, akuite kwa jina lako, nawe uitike. Amina.